Tuhesabu Mikono Kabla ya Kuhesabu Pesa

Mazungumzo kwa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo na vikundi vya kujisaidia, Kibwezi



Akina mama, akina baba, vijana, na ninyi nyote viongozi wa jumuiya na vikundi, asanteni kwa kuja. Wengine mmetembea kutoka mbali, na tunajua kila mmoja ameacha kazi nyumbani. Kwa hivyo hatutazungumza mambo kumi. Tutazungumza jambo moja tu, na tukimaliza tutawaomba mrudi nalo katika jumuiya zenu mkalifanyie kazi.

Jambo lenyewe ni hili. Kikundi kikitaka kuanza mradi, iwe ni tangi la maji, mizinga ya nyuki au kutengeneza paa la kanisa la kigango, swali la kwanza huwa: "Pesa zitatoka wapi?" La pili huwa: "Nani atatusaidia?" Halafu barua inaandikwa. Inapelekwa kwa mheshimiwa, au kwa shirika fulani, au kwa ofisi ya maendeleo. Halafu watu wanangoja. Mvua inakuja, mvua inapita, na kikundi bado kinangoja jibu la barua.

Hatusemi kwamba pesa si kitu. Simiti hainunuliwi kwa sala peke yake. Tunasema kuna swali linalostahili kutangulia hayo mawili: "Katikati yetu, Mungu amempa nani nini?" Kikundi kisichojua vipaji vya watu wake ni kama mtu anayekwenda kuomba nafaka kwa jirani kabla ya kufungua ghala lake mwenyewe. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini.

MZIGO WA WATU WATATU

Hebu tuangalie vigango vingi. Mtu yule yule anayesoma somo la kwanza ndiye anayeongoza nyimbo, ndiye katibu wa kamati ya maji, ndiye anayetumwa kwa chifu. Mwingine ni mweka hazina wa vikundi vinne. Wa tatu ni mama ambaye kila mgeni akija, ni yeye wa kupika. Watu watatu wamebeba kigango kizima, na watu arobaini wamekaa kwenye benchi wanawatazama.

Siku mmoja wa hao watatu akiugua, kazi inalala. Wale arobaini wanasema, "Hawa wamejifanya wenye kanisa." Wale watatu nao wanasema, "Watu wa hapa ni wavivu." Kila upande una uchungu wake. Na kikundi kinakufa polepole, bila ugomvi mkubwa, hata mtu hawezi kusema kilikufa siku gani.

Jambo hili si geni. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18, tunasoma kwamba Musa alikuwa akikaa kuamua mashauri ya watu tangu asubuhi hadi jioni, peke yake. Yethro, baba wa mke wake, alipokuja kumtembelea, aliona mara moja kwamba kazi ile itamchosha Musa na kuwachosha watu pia. Akamshauri achague watu waaminifu wasiopenda rushwa, wawe viongozi wa elfu, wa mia, wa hamsini na wa kumi. Musa alikuwa mtu wa Mungu, lakini alihitaji mzee wa nyumbani amwambie, "Kazi hii ni kubwa kwako, igawanye." Na wale waliochaguliwa hawakutoka mbali. Walikuwa hapo hapo kambini siku zote. Ilikuwa bado tu kuitwa.

Hii ndiyo shida ya kwanza tunayotaka tuione. Wengi wanaokaa kimya kanisani si wavivu. Hakuna mtu aliyewahi kuwaita kwa jina na kuwaambia, "Kazi hii inakufaa wewe."

KIPAJI NI KITU GANI?

Tukisema "kipaji", wengi hufikiria mtu anayejua kuhubiri, au kuimba, au yule aliyesoma sana. Halafu mama aliye nyuma anasema, "Ati mimi sikusoma, mimi sina kipaji." Hapo ndipo tunapopotea.

Kipaji ni uwezo wowote ambao Mungu amempa mtu ili wengine wapate faida. Huo uwezo unaweza kuwa mdomoni, unaweza kuwa mikononi, unaweza kuwa moyoni. Maandiko yanatuonyesha hivyo wazi. Wakati hema la Mungu lilipojengwa jangwani, Mungu alimtaja kwa jina fundi mmoja, Bezaleli wa kabila la Yuda, akamjaza roho yake. Ili afanye nini? Ahubiri? Hapana. Afue dhahabu, fedha na shaba, achonge mbao, achore mapambo. Pamoja naye aliwekwa Oholiabu wa kabila la Dani, na wote wawili walipewa pia uwezo wa kuwafundisha wengine. Tena imeandikwa kwamba wanawake wenye ujuzi walisokota nyuzi kwa mikono yao, wakazileta. Sasa ninyi akina mama mnaosokota katani na kusuka vyondo, mkisikia hayo mtasema Mungu hajui kazi ya mikono yenu?

Katika Agano Jipya kuna mama mmoja wa Yopa aitwaye Tabitha, au Dorkasi. Hatusomi kwamba alihubiri hata mara moja. Alishona nguo. Alipokufa, wajane walisimama wakilia mbele ya Petro, wakimwonyesha kanzu na mavazi aliyowashonea. Mahubiri ya Tabitha yalikuwa yamevaliwa miilini mwa wajane.

Kanisa letu nalo limefundisha hivyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa ya mwaka 1964, ulisema kwamba Roho Mtakatifu hugawa vipaji kwa waamini wa kila hali, vile vikubwa na vile vya kawaida. Na katika hati ya mwaka 1965 juu ya utume wa walei, uliongeza kwamba aliyepewa kipaji ana haki ya kukitumia, na pia ana wajibu, kwa faida ya watu na kwa kujenga Kanisa, akishirikiana na ndugu zake na wachungaji wake. Haki na wajibu. Maana yake mweka hazina hafanyi hisani akiweka hesabu vizuri. Na kiongozi hana ruhusa ya kumzuia mtu mwenye kipaji kwa sababu tu hampendi.

Kuna neno moja tena. Sote tunajua mfano wa talanta katika Mathayo 25. Mmoja alipewa tano, mwingine mbili, mwingine moja. Tunamhurumia yule wa moja, tukidhani alipewa kidogo. Lakini talanta ilikuwa kipimo kikubwa cha fedha. Moja peke yake ilikaribia mshahara wa kibarua wa miaka 20. Kwa hivyo yule mtu hakuwa maskini. Hakuwa mwizi pia, maana alirudisha yote. Kosa lake ni kwamba aliogopa, akachimba shimo, akafukia. Sisi watu wa Kibwezi tunajua mbegu ya ndengu ikiwekwa miaka bila kupandwa inakuwa namna gani. Wadudu wanaitoboa, na siku ukitaka kuipanda haioti. Kufukia si kuhifadhi.

WAGENI HUJA NA KUONDOKA

Kuna sababu nyingine ya kutumia vipaji vyetu wenyewe, nayo ni ya historia. Hapa hapa Kibwezi, mwaka 1891, wamisionari kutoka Skotilandi walifungua kituo cha misheni. Malaria ikawasumbua sana, wengine wakafa. Mwaka 1898 misheni ile ikahamishiwa Kikuyu. Hatuwalaumu. Tunataka kusema tu kwamba mgeni, hata awe mwema namna gani, iko siku anaondoka. Swali ni: akiondoka, kunabaki nini?

Tutazame Uganda miaka hiyo hiyo. Wamisionari wa Afrika, ambao watu waliwaita Mapadri Weupe, walifika Buganda mwaka 1879. Mwezi wa Novemba 1882 ilibidi waondoke, na hawakurudi mpaka Julai 1885. Karibu miaka mitatu bila padri, bila Misa. Waliobaki walikuwa Wakristo wachache, wengine wamebatizwa miezi michache tu iliyopita. Je, imani ilikufa? Haikufa. Mapadri waliporudi walikuta waamini wameongezeka.

Ni nani waliofanya kazi hiyo? Watu wa kazi za kila siku. Andrea Kaggwa alikuwa kiongozi wa wapiga ngoma wa kabaka. Matia Mulumba na Luka Banabakintu, waliobatizwa mwaka 1882, walikuwa watumishi wa chifu mkubwa wa Singo, wakawakusanya majirani wao huko Mityana na kuwafundisha. Mmoja wa watu wa jumuiya hiyo ya Mityana alikuwa Noa Mawaggali, mfinyanzi wa vyungu. Noa alibatizwa Novemba 1885. Mwaka uliofuata, Matia na Luka walipokamatwa, Noa hakukimbia, alibaki na wenzake. Aliuawa tarehe 31 Mei 1886.

Tarehe 18 Oktoba 1964, Papa Paulo wa Sita aliwatangaza watakatifu mashahidi 22 wa Uganda, na Noa mfinyanzi ni mmoja wao. Tunawaadhimisha kila tarehe 3 Juni. Mara nyingi tunakumbuka jinsi walivyokufa. Ni vizuri tukumbuke pia jinsi walivyoishi kabla ya hapo. Walikuwa kigango bila padri, na kila mmoja alitoa alichokuwa nacho.

Na sisi je? Vigango vingi vinapata Misa Jumapili chache tu, kwa sababu padri ni mmoja na makanisa ni mengi. Jumapili zingine ibada inaongozwa na katekista. Tena, tangu Julai 2023, Kaunti ya Makueni ilipotolewa katika Jimbo la Machakos, tumekuwa jimbo jipya, Jimbo Katoliki la Wote, na askofu wake wa kwanza ni Paul Kariuki Njiru. Jimbo jipya ni kama mtoto aliyeoa na kujenga kwake. Hawezi tena kukimbilia jikoni kwa mama yake kila siku. Ni lazima ajue ana nini nyumbani kwake.

UKUTA WA MTONI

Wengine mtasema, hayo ni mambo ya kanisani, na sisi tumekuja kwa habari ya vikundi. Wapendwa, Mungu ni mmoja na mikono ni ile ile. Tutazame bwawa la mchanga, ambalo wengi wenu mnalifahamu.

Mto wetu ni wa msimu. Mvua ikinyesha unajaa kwa saa chache, halafu unakauka. Watu wakijenga ukuta imara juu ya mwamba katikati ya mto, mafuriko huleta mchanga. Mchanga mzito unatua nyuma ya ukuta, udongo mwepesi unapita juu na maji. Baada ya misimu michache nyuma ya ukuta kumejaa mchanga, na katikati ya chembe za mchanga kuna maji. Jua haliyakaushi upesi, ng'ombe hawayachafui, na mbu hawana pa kutagia mayai.

Sasa tujiulize: ukuta huo unahitaji vipaji vya nani? Anahitajika mzee anayejua mto, anayekumbuka mwamba uko wapi na maji hupanda mpaka wapi. Anahitajika fundi wa mawe. Wanahitajika wenye nguvu wa kubeba mawe, kokoto na mchanga. Anahitajika mtu wa kuandika nani amekuja na nani hakuja. Anahitajika mwenye maneno matamu wa kuongea na wenye mashamba ya pande mbili za mto, maana ukuta ukijengwa bila wao kukubali, maji yataleta kesi. Wanahitajika wapishi. Anahitajika mtu mcheshi, naam, mcheshi, kwa sababu kubeba mawe kwa jua la Kibwezi bila mtu wa kuanzisha wimbo ni adhabu. Mmoja asipokuwepo, ukuta unaweza kuinuka, lakini hautadumu.

Mwaka 1978, huko Utooni upande wa Machakos, Joshua Mukusya na mke wake walianza na familia chache za jirani. Hawakuanza na fedha nyingi. Walianza na mikono na shida moja, shida ya maji. Kutoka kwa kikundi kile lilikua shirika lililosaidia vikundi vingi vya Ukambani kujenga mabwawa ya mchanga.

Na hata kabla ya hapo, wazee wetu walikuwa na mwethya. Miaka ya 1930 maofisa wa serikali ya kikoloni waliandika kwamba ardhi ya Machakos, ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na Makueni, imeharibika kabisa kwa mmomonyoko. Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kinachoonyesha kwamba kufikia mwaka 1990 watu walikuwa wameongezeka karibu mara tano, na bado mmomonyoko ulikuwa umepungua. Walichimba matuta, wakapanda miti, wakabadilisha kilimo. Matuta mengi yalichimbwa na vikundi vya mwethya, leo shamba la huyu, kesho la yule. Nani aliwaletea hayo majembe yote? Ni mikono ya hapa.

Mtakatifu Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba sisi ni mwili mmoja wenye viungo vingi, na jicho haliwezi kuuambia mkono kwamba halina haja nao. Mtu akitaka kuona mfano wa maneno hayo, aende mtoni siku ya mwethya.

VIPAJI AMBAVYO HAVIONEKANI

Kuna vipaji vinavyopiga kelele, na kuna vingine vimenyamaza. Hivi vya pili ndivyo vinavyopotea zaidi. Tutataja vichache.

Kuna mtu ambaye watu wakigombana wanakwenda kwake usiku. Hana cheo. Anasikiliza tu, na asubuhi wale watu wanasalimiana. Huyo ana kipaji cha kupatanisha, na kikundi chenye pesa kinamhitaji kuliko kile kisicho na pesa.

Kuna mama anayejua kukaa na mgonjwa. Anajua kumgeuza, kumwosha, kumlisha uji, na kunyamaza wakati wa kunyamaza. Jumuiya ikiwa na mama kama huyo na haijui, wagonjwa watakufa wapweke.

Kuna ajuza na mzee wanaojua miti ya hapa, dalili za mvua, na mbegu zinazostahimili ukame. Kuna mtu asiyeweza kutembea lakini hesabu haimpotei hata senti. Mnaweza kuendelea kumhesabu kati ya wa kusaidiwa, au mnaweza kumpa daftari.

Na kuna vijana. Tunawalalamikia kwamba wako kwenye simu siku nzima. Sawa. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, pesa za vikundi vingi zinapita kwenye simu hiyo hiyo, na watu wazima wengine hawajui kusoma ujumbe unaokuja. Mpeni kijana kazi ya kusoma rekodi hizo mbele ya mkutano kila mwezi. Kijana hakai mahali ambapo anaonywa tu. Anakaa mahali ambapo asipokuja kazi inakwama.

NAMNA YA KUANZA

Mkirudi nyumbani, tunapendekeza hatua tano. Hazihitaji pesa, isipokuwa za daftari moja.

1. Tengeni mkutano mmoja wa jumuiya kwa kazi hii peke yake. Someni Mathayo 25, mstari wa 14 hadi 30, kisha mnyamaze kidogo.

2. Kila mtu ajibu maswali mawili: Ni kazi gani watu huja kuniomba niwafanyie? Ni shida gani hapa kijijini inayoniuma kuliko zingine? La kwanza linaonyesha uwezo wako. La pili linaonyesha mahali Mungu anapokutuma.

3. Halafu wengine waseme juu yake. Hii ndiyo hatua kubwa. Mtu mara nyingi haoni kipaji chake, kwa sababu kwake ni rahisi, anadhani kila mtu anaweza. Jirani ndiye anayekiona. Msimwache hata mmoja bila kutajwa. Mkifika kwa mtu na mkose la kusema, basi hamjamjua, na hilo lenyewe ni kazi ya kufanya.

4. Katibu aandike jina na kipaji. Chini yake aandike kazi za jumuiya, za kigango na za kikundi. Muunganishe. Mtu mmoja asipewe zaidi ya kazi mbili. Kazi ikikosa mtu, msimlazimishe yule wa siku zote. Acheni nafasi ibaki wazi, na muombe.

5. Kila kazi iwe na mwanafunzi. Fundi awe na kijana anayeshika kamba. Msomaji awe na anayejifunza. Mweka hazina awe na anayetazama. Kumbukeni Bezaleli na Oholiabu hawakupewa kujenga tu, walipewa na kufundisha. Kipaji kisichofundishwa kinazikwa na mwenyewe.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Kazi hii ina mitego yake, nasi tungependa tuitaje wazi.

Mtego wa kwanza ni kutumia kipaji cha mtu bila huruma. Fundi wa mawe anaambiwa, "Jitolee kwa Mungu," kila juma, na watoto wake hawana karo. Lakini mwenye duka haambiwi atoe simiti bure. Hiyo si haki. Mtume Paulo mwenyewe alitengeneza mahema huko Korintho ili apate riziki, na Bwana wetu alisema mtenda kazi anastahili ujira wake. Kubalianeni mapema: siku ngapi ni sadaka, na siku ngapi ni kibarua cha kulipwa. Andikeni. Sadaka ni ile mtu anayotoa kwa hiari. Ile anayonyang'anywa kwa aibu ina jina lingine.

Mtego wa pili ni kugawa kazi kwa mazoea. Mwanamume asemwe ndiye mwenyekiti, mwanamke jikoni, kijana abebe viti. Huenda mwenyekiti bora wenu yuko jikoni anakuna nazi za maharagwe, na mpishi bora ni baba aliyefanya kazi hotelini huko Mombasa. Kama mnatafuta kipaji, tafuteni kipaji.

Mtego wa tatu ni kufikiri kwamba uaminifu hauhitaji mashahidi. Uaminifu ni kipaji, lakini hata mtu mwaminifu analindwa na utaratibu mzuri. Sadaka na michango ihesabiwe na watu zaidi ya mmoja. Risiti ziwekwe. Hesabu isomwe kwa sauti mbele ya wote. Hilo halimvunjii mweka hazina heshima, linamkinga na maneno ya watu.

Mtego wa nne ni majivuno. Mtu akianza kusema "kwaya yangu", "kikundi changu", mkumbusheni kwa upole. Petro katika barua yake ya kwanza anatuambia kwamba sisi ni mawakili wa neema ya Mungu. Wakili anashika mali ya mwingine. Ndiyo maana cheo kiwe na muda wake, na muda ukiisha mtu apumzike bila kuonekana amefukuzwa.

NENO LA MWISHO

Wapendwa, hatuwadanganyi. Mkihesabu vipaji vyote vya jumuiya yenu, bado ukame utakuja. Bado kuna kitu kitakachohitaji pesa ambazo hamna, na bado itabidi mwandike barua. Lakini barua hiyo itakuwa tofauti. Haitasema, "Sisi ni maskini, tusaidieni." Itasema, "Tuna fundi wawili, tuna mawe yaliyokusanywa, tuna watu thelathini wa siku nane, tuna mtu wa hesabu. Tumepungukiwa na simiti." Mtu akipokea barua kama hiyo atajua anaongea na wenye nyumba.

Na hata kama jibu halitakuja, kitu kitakuwa kimebadilika. Yule mama aliyesema hana kipaji atakuwa amesikia jirani zake wakikitaja kwa mdomo wao. Hilo peke yake ni jengo, na halihitaji simiti.

Mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo tunazozitegemea zaidi huku kwetu. Basi mfanye mkutano huu wakati wa kiangazi, ili mvua ikianza kila mtu awe anajua jembe lake liko wapi. Mungu awabariki, na mashahidi wa Uganda watuombee.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Katika kigango chetu, ni watu wangapi wanaobeba kazi zote? Kwa nini imekuwa hivyo?

2. Tutaje watu watatu ambao hawajawahi kupewa kazi yoyote. Tunajua nini juu yao?

3. Ni ujuzi gani wa wazee wetu utakaopotea katika miaka kumi ijayo kama hakuna anayejifunza sasa?

4. Mradi wetu wa sasa unahitaji vipaji gani? Ni vingapi tunavyo tayari, na ni nini hasa tunachohitaji kuomba nje?